Fosfeti za Chuma na Kalsiamu Kandokando ya Ziwa Victoria: Maelezo kuhusu Umumunyifu na Istilahi Zake

IKISIRI

Makala haya yanafafanua umumunyifu wa fosfeti za metali kwa kutumia mifano ya Mwanza na maeneo ya kandokando ya Ziwa Victoria. Inaelezwa kwamba swali la kiasi cha fosfeti kilichopo halitoshi kubainisha kwa nini mashamba mengi ya eneo hilo yana upungufu wa fosforasi ilhali maji ya ziwa yamezidiwa nayo. Swali linalofaa ni hili: fosfeti hiyo imefungamana na metali gani, na iko katika mazingira gani? Aidha, makala yanaonyesha kwamba uteuzi wa istilahi, hususan tofauti iliyopo baina ya kuyeyuka na kumumunyika, ni sehemu ya maelezo yenyewe ya kisayansi.

1.0 Utangulizi

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilometa za mraba 68,800, na kina chake cha wastani ni kama mita 40. Upande wa kusini, Ghuba ya Mwanza huingia nchi kavu kwa urefu wa kiasi cha kilometa 60. Ghuba hiyo imezungukwa na vilima vya mawe ya graniti, na miteremko yake inalimwa mahindi, mihogo, pamba na, mabondeni, mpunga.

Katika eneo hili moja kuna hali mbili zinazoonekana kupingana. Kwa upande mmoja, fosforasi ni miongoni mwa virutubisho vinavyopungua sana katika udongo wa kichanga wa miteremko. Kwa upande wa pili, maji ya ziwa yamepata fosforasi kupita kiasi, na matokeo yake ni kustawi kwa mwani na, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kuenea kwa gugumaji. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mvua huosha rutuba ya mashamba na kuipeleka ziwani. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yana pengo. Fosfeti iliyomo katika udongo mwekundu inajulikana kuwa ngumu mno kuingia katika maji, kiasi kwamba hata mizizi ya mimea huipata kwa shida. Yafaa basi kuuliza: je, kitu kisichoingia katika maji kikiwa shambani hupataje kuyalisha maji ya ziwa?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Hoja inayotetewa ni kwamba umumunyifu si sifa ambayo fosfeti huibeba popote iendapo. Sifa hiyo hutegemea mambo matatu: metali iliyofungamana na fosfeti, uasidi wa mazingira, na kuwapo au kutokuwapo kwa oksijeni.

2.0 Istilahi: Kuyeyuka na Kumumunyika

Kabla ya kuingia katika kemia yenyewe, ni vema kuangalia maneno yanayotumika. Katika Kiswahili cha kila siku, sukari ikitiwa katika chai husemwa kuwa imeyeyuka, na samli ikiwekwa juu ya moto nayo husemwa kuwa imeyeyuka. Mzungumzaji wa kawaida hapati taabu, kwa kuwa muktadha humwongoza. Katika kemia, hata hivyo, haya ni matukio mawili tofauti. Samli imebadilika kutoka yabisi kuwa kimiminiko kwa nguvu ya joto, na haikuhitaji kitu cha pili. Sukari haikubadilika kwa joto; chembe zake zimetawanyika ndani ya maji, na bila maji tukio hilo lisingekuwapo.

Kazi ya kusanifisha istilahi za sayansi, ambayo mojawapo ya matunda yake ni Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ililenga kuondoa utata wa namna hii. Kitenzi kumumunya, kwa maana yake ya asili, ni kukiweka kitu kinywani na kukiacha kipungue kidogo kidogo kwa mate bila kukitafuna. Kutokana nacho yamepatikana maneno mumunyika, mmumunyo, mumunyifu na umumunyifu. Ubora wa familia hii ya maneno ni kwamba inabeba ndani yake wazo la uhusiano: kipo kinachomumunywa, na yapo mate yanayokimumunya. Vilevile inabeba wazo la kiasi, kwa kuwa kitu kimoja hudumu kinywani na kingine hutoweka mara moja.

Ni muhimu basi kutambua kwamba sentensi kama “fosfeti ya chuma haimumunyiki” ni sentensi pungufu. Inapaswa kukamilishwa kwa kutaja haimumunyiki katika nini, kwa kiasi gani na katika hali gani. Kama itakavyoonekana, upungufu huo wa kisarufi unaweza kugeuka kuwa kosa la kisayansi.

3.0 Sura za Fosfeti

Asidi ya fosforiki ina atomi tatu za haidrojeni zinazoweza kuachiliwa, moja baada ya nyingine. Kwa sababu hiyo fosfeti haipatikani katika maji kwa sura moja. Katika maji yenye uasidi kiasi, sura inayotawala ni H₂PO₄⁻. Katika maji yenye ubesi kiasi, sura inayotawala ni HPO₄²⁻. Mpaka baina ya sura hizo mbili ni karibu na pH 7.2, ambapo kila moja huwa nusu. Kila sura ina namna yake ya kufungamana na metali.

3.1 Fosfeti za Kalsiamu

Kalsiamu hutoa mfano ulio wazi zaidi. Kampaundi Ca(H₂PO₄)₂ humumunyika vizuri: lita moja ya maji ya joto la kawaida hupokea kiasi cha gramu 20 hivi. Kampaundi CaHPO₄ humumunyika kwa sehemu ndogo tu ya gramu moja katika lita. Kampaundi Ca₃(PO₄)₂ na jamii ya madini yaitwayo apataiti humumunyika kwa kiwango kidogo zaidi, kiasi kwamba mifupa na meno, ambayo asili yake ni apataiti, hudumu ardhini kwa muda mrefu sana. Metali ni ile ile na fosfeti ni ile ile. Kinachotofautiana ni haidrojeni iliyobaki.

Utaalamu wa mbolea umejengwa juu ya tofauti hiyo. Mwaka 1842 John Bennet Lawes alipata hataza nchini Uingereza ya kutengeneza mbolea kwa kuchanganya asidi ya salfuri na kampaundi za fosfeti. Asidi huirudishia fosfeti haidrojeni yake, na apataiti isiyomumunyika kwa urahisi hugeuka kuwa Ca(H₂PO₄)₂.

Hata ndani ya apataiti yenyewe kuna tofauti. Fosfeti ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ilitokana na kinyesi na mabaki ya ndege wa majini pamoja na mifupa ya samaki. Fosfeti ya Panda Hill huko Mbeya, na ile ya Tororo mashariki mwa Uganda, zilitokana na miamba ya moto wa chini ya ardhi. Zote huitwa apataiti, lakini ya Minjingu huitikia asidi ya udongo vizuri zaidi, kwa kuwa fuwele zake ni ndogo na muundo wake una kaboneti iliyochukua nafasi ya baadhi ya fosfeti. Kwa hiyo, unga wa Minjingu unaweza kutiwa shambani moja kwa moja, ilhali unga wa Panda Hill au Tororo hauna manufaa makubwa ukitumika hivyo.

3.2 Fosfeti za Chuma na Alumini

Chuma kina tabia ya ziada ambayo kalsiamu haina. Ayoni ya kalsiamu ni ya aina moja tu, yaani Ca²⁺. Chuma kina aina mbili za kawaida: chuma (III), ambacho ndicho kinachotawala penye oksijeni, na chuma (II), ambacho hutawala pasipo na oksijeni. Oksidi na hidroksidi za chuma (III) ndizo zinazoupa udongo wa nchi za joto rangi yake nyekundu na ya kahawia. Nyuso za chembe hizo huinasa fosfeti kwa nguvu. Kwa hakika, sehemu kubwa ya kile kinachoitwa “fosfeti ya chuma” katika udongo si fuwele kamili za FePO₄ bali ni fosfeti iliyoshikamana na nyuso hizo.

Chuma (II) huwa na tabia nyingine. Katika maji yasiyo na oksijeni na yenye pH ya kawaida, ayoni zake hubaki katika mmumunyo kwa kiasi kikubwa kuliko zile za chuma (III). Hivyo, oksidi ya chuma (III) inapogeuzwa kuwa chuma (II), uso uliokuwa umeinasa fosfeti hutoweka, na fosfeti huachiliwa. Hata hivyo, kuachiliwa huko kuna kikomo. Pale ambapo chuma (II) na fosfeti vyote ni vingi, huweza kuundwa madini ya vivianaiti, Fe₃(PO₄)₂·8H₂O, ambayo huanza yakiwa meupe na kugeuka buluu yanapokutana na hewa. Madini hayo huishika tena sehemu ya fosfeti.

Alumini nayo huinasa fosfeti katika udongo wenye asidi, lakini haina aina mbili kama chuma. Kukosekana kwa oksijeni hakuifanyi iiachilie fosfeti. Tofauti hii itarejewa katika sehemu ya 6.0.

4.0 Kutoka Kilimani hadi Bondeni

Mwaka 1935 Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, alipendekeza kuutazama udongo wa Afrika Mashariki kama mfuatano unaoanzia kilimani na kuishia bondeni, ambapo kila hatua ina udongo wake. Usukumani mfuatano huo ulikuwa na majina tayari. Wakulima hutofautisha luseni, yaani udongo wa kichanga wa miteremko. Itogolo, udongo mgumu wa chini ya miteremko. Ibushi, udongo wenye chokaa. Na mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni. Majina haya yaliingia katika maandishi ya wataalamu wa udongo kwa sababu yanataja tofauti za kweli, zikiwamo tofauti za kemia.

Katika luseni, fosforasi ni kidogo tangu mwanzo, kwa kuwa mchanga wa graniti haukuwa na hazina kubwa nayo haushiki kirutubisho kwa wingi. Katika udongo mwekundu wenye chuma kingi, tatizo ni jingine: fosfeti inaweza kuwapo, au inaweza kutiwa kwa mbolea, lakini hunaswa kabla mizizi haijaipata. Katika ibushi, kalsiamu ndiyo inayotawala na pH iko juu, hivyo fosfeti hujifunga katika sura za kalsiamu zisizomumunyika kwa urahisi.

Kutokana na hayo, ni dhahiri kwamba ushauri mmoja wa mbolea hauwezi kufaa mteremko mzima. Unga wa Minjingu unahitaji asidi ili umumunyike:

Ca₅(PO₄)₃F + 6H⁺ → 5Ca²⁺ + 3H₂PO₄⁻ + F⁻

Mlinganyo huu unaonyesha masharti mawili. Haidrojeni lazima iwepo upande wa kushoto, na kalsiamu inayozalishwa upande wa kulia lazima iondolewe au itumiwe. Udongo wenye asidi na usio na kalsiamu nyingi hutimiza masharti yote mawili. Ibushi hautimizi hata moja. Mkulima wa ibushi anayetia unga huo na asione faida hakukosea katika kilimo chake, wala mbolea yake haikuwa mbovu. Amepewa sura ya fosfeti isiyoafikiana na udongo wake.

Bondeni linatokea jambo la kuvutia zaidi. Mpunga hulimwa katika majaruba, ambamo maji hutuamishwa kwa wiki nyingi. Oksijeni iliyomo katika udongo wa jaruba huisha haraka, kwa kuwa bakteria huitumia katika kuozesha mabaki ya mimea, na maji yaliyotuama huizuia nyingine isiingie kwa wepesi. Baada ya oksijeni kwisha, bakteria wengine huendelea na kazi kwa kuvipa vitu vingine elektroni, kikiwamo chuma (III). Chuma hicho hugeuka kuwa chuma (II), na fosfeti iliyokuwa imenaswa huachiliwa. Kwa sababu hiyo mpunga uliofurikwa huweza kupata fosforasi katika udongo ule ule ambao zao la nchi kavu lingeikosa. Jaruba, kwa maana hii, ni mfano mdogo wa kile kinachotokea ziwani.

5.0 Tope la Ziwa

Kemia hii ilichunguzwa kwa mara ya kwanza katika maziwa ya Ulaya. Wilhelm Einsele, nchini Ujerumani katika miaka ya 1930, na Clifford Mortimer, nchini Uingereza mwaka 1941 na 1942, walionyesha kwamba mpaka baina ya tope na maji hufanya kazi kama mlango. Maadamu kuna oksijeni, tabaka jembamba la chuma (III) juu ya tope huizuia fosfeti isitoke. Oksijeni ikiisha, tabaka hilo huvunjika, na chuma pamoja na fosfeti huingia katika maji kwa pamoja.

Katika Ziwa Victoria mlango huo hufuata majira. Kuanzia mwezi Septemba hadi Mei maji hujipanga katika matabaka, ambapo maji ya juu yenye joto hukaa juu ya maji ya chini yaliyo baridi kidogo. Maji ya chini hukosa kufikiwa na hewa. Kati ya Juni na Agosti pepo za kusi huyapoza na kuyachanganya maji ya ziwa. Uchunguzi wa J.F. Talling wa mwaka 1960 na 1961 ulikuta upungufu wa oksijeni vilindini, lakini uliokuwa wa muda na wa eneo dogo. R.E. Hecky na wenzake, katika kazi zilizochapishwa mwaka 1993 na 1994, walionyesha kwamba upungufu huo ulikuwa umeongezeka sana, kwa muda na kwa eneo. Baadhi ya vipimo vya miaka ya 2000 vilionyesha nafuu ya kiasi, lakini hali ya awali haikurejea.

Hapa ndipo jibu la swali la utangulizi linapopatikana. Chembe ya udongo mwekundu inayosombwa na mvua kutoka shambani hubeba fosfeti iliyonaswa na chuma (III). Ikiwa njiani, mtoni na katika maji ya juu ya ziwa, sehemu kubwa ya fosfeti hiyo hubaki imenaswa. Chembe hiyo huzama na kuwa sehemu ya mashapo. Pale maji ya chini yanapokosa oksijeni, chuma hubadilika, na fosfeti ambayo haikumumunyika kilimani humumunyika vilindini. Hakuna kilichobadilika katika wingi wake. Kilichobadilika ni hali ya chuma.

Mzunguko unaofuata hujilisha wenyewe. Fosfeti iliyoachiliwa hufika juu wakati maji yanapochanganyika. Sehemu yake hunaswa upya na chuma kinachokutana na oksijeni, na sehemu nyingine huliwa na mwani. Mwani hufa, huzama na kuoza. Uozo hutumia oksijeni. Na mlango wa tope hufunguka zaidi. Aidha, maji ya Ziwa Victoria yana salfeti kidogo sana. Katika bahari, salfeti hugeuzwa kuwa salfaidi ambayo hukikamata chuma na kukizuia kisirudi kuinasa fosfeti. Ziwani njia hiyo ni finyu, hivyo chuma hubaki kuwa mshiriki mkuu katika mzunguko wa fosforasi.

Katika Ghuba ya Mwanza, ambayo kina chake ni kifupi, kuna njia ya pili isiyohitaji kukosekana kwa oksijeni. Upepo huitibua tope kwa urahisi. Mwani unaostawi nao hutumia kaboni dioksidi ya maji mchana, na pH hupanda. Maji yenye ubesi mwingi hudhoofisha mshiko wa chuma (III) kwa fosfeti, kwa kuwa ayoni za hidroksidi hugombea nafasi zile zile kwenye nyuso za oksidi. Hivyo mwani, kwa kustawi kwake, husaidia kujifungulia hazina.

Fosfeti inapokuwa nyingi kuliko naitrojeni, viumbe vinavyofaidika zaidi ni sayanobakteria wenye uwezo wa kutumia naitrojeni ya hewa. Baadhi ya sayanobakteria hutoa sumu, na B.C. Sekadende na wenzake, katika makala yaliyochapishwa mwaka 2005, walieleza kuwapo kwa sumu ya maikrosistini katika Ghuba ya Mwanza. Ghuba na maji jirani yake ndiyo yanayonyweka na kuvuliwa na wakazi wengi wa kando ya ziwa. Kwa hiyo, suala la chuma na fosfeti katika tope linagusa moja kwa moja ndoo ya maji ya nyumbani.

6.0 Athari kwa Upimaji na kwa Sera

Jambo la kwanza linahusu upimaji. Tarakimu moja ya fosforasi yote iliyomo katika mashapo haielezi ni kiasi gani kinaweza kuachiliwa. Wanakemia hutenga sura hizo kwa hatua: sehemu iliyofungwa na chuma hutolewa kwa kemikali inayokigeuza chuma (III) kuwa chuma (II), sehemu iliyoshikwa na alumini hutolewa kwa besi, na sehemu ya kalsiamu hutolewa kwa asidi. Hatua hizo zina sharti moja ambalo halipaswi kupuuzwa. Tope lililotoka mahali pasipo na oksijeni, likiachwa wazi ndani ya mtumbwi, huanza kubadilika rangi kutoka nyeusi au kijivu kuelekea kahawia. Rangi hiyo ni ishara kwamba chuma kimebadilika na kwamba sura ya fosfeti iliyokusudiwa kupimwa haipo tena. Sampuli ya namna hiyo hutoa jibu sahihi kwa swali lisiloulizwa.

Jambo la pili linahusu vyanzo. R.D. Tamatamah, Hecky na Duthie (2005) walionyesha kwamba sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia ziwani hutoka angani, kwa mvua na vumbi. Vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa ni njia nyingine ya kilima kufika ziwani. Kwa hiyo, matuta ya kukinga maji, kuacha mabaki ya mazao shambani na kupunguza uchomaji ni hatua zinazomhudumia mkulima na mvuvi kwa wakati mmoja, hata kama fosfeti inayozuiwa ni ile inayoitwa “isiyomumunyika”.

Jambo la tatu linahusu majitaka, yakiwamo yanayofika ziwani kwa njia ya Mto Mirongo unaopita katikati ya jiji la Mwanza. Katika kuyasafisha, metali huweza kutumiwa kuinasa fosfeti, na uchaguzi wa metali una uzito. Fosfeti iliyonaswa kwa chuma ikiishia mahali pasipo na oksijeni huweza kuachiliwa tena. Iliyonaswa kwa alumini, kwa mfano kwa shabu, hubaki imeshikwa hata oksijeni ikikosekana, mradi pH isipande au kushuka mno.

Jambo la nne ni la muda. Hata kama vyanzo vyote vingezibwa leo, mashapo yangeendelea kutoa fosfeti iliyowekwa humo kwa miaka mingi. Matokeo ya sera njema yatachelewa kuonekana, na kuchelewa huko kusichukuliwe kuwa ushahidi wa kushindwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba upungufu wa fosforasi mashambani na wingi wake ziwani si mambo yanayopingana. Ni tabia mbili za kitu kimoja katika mazingira mawili. Kalsiamu huitikia asidi, chuma huitikia oksijeni na pH, na alumini huitikia pH peke yake. Luseni, ibushi, jaruba na tope la ghuba ni hatua za mteremko mmoja ambazo fosfeti huzipitia ikibadilisha sura.

Kwa upande wa lugha, inafaa waandishi na watafsiri wa vijitabu vya kilimo na mazingira walitumie neno umumunyifu pamoja na masharti yake. Mkulima aliyeambiwa kwamba mbolea “haiyeyuki” anaweza kudhani kwamba haifai kamwe, au kwamba haiwezi kudhuru maji kamwe. Dhana zote mbili ni za makosa. Mate ya mtoto na mate ya mzee huenda yakamumunya peremende kwa namna moja, lakini udongo wa luseni na tope la ziwa haviimumunyi fosfeti kwa namna moja, na istilahi iliyoteuliwa kwa uangalifu inayo nafasi ya kulisema hilo.